Kijibwa Miguuni pa Bwana na Bibi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Dada yangu ameolewa mwezi uliopita hapa Tanga. Wafanyakazi wenzake wamemzawadia picha kubwa ya fremu: mwanamume wa Kizungu mwenye kofia nyeusi pana ameshikana mkono na mwanamke wa gauni la kijani, na chini kati yao kuna kijibwa cha manyoya. Muuzaji aliwaambia ni picha maarufu ya harusi, na mbwa ni alama ya uaminifu wa ndoa. Shangazi ameigeuza inatazama ukuta, anasema picha ya mbwa haitundikwi nyumbani. Je, muuzaji amesema kweli? Na kwa nini wachoraji wa zamani waliwapenda mbwa namna ile? Kila picha ninayoifungua ina mbwa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kutundika au kutotundika mimi simo. Shangazi ana wa kumwuliza, na mwenye nyumba ni dada yako na mumewe. Nijibu la mchoro. Kwa kifupi, habari ya harusi ina matobo makubwa, na ile ya uaminifu ni kweli iliyonyooshwa mpaka ikakaribia kukatika.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1434 na Jan van Eyck, aliyekuwa akiishi Bruges, mji ambao leo uko Ubelgiji. Yenyewe iko National Gallery, London, na wengi wakifika mbele yake hushangaa ilivyo ndogo: sentimita 82 kwa 60, rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni. Kama ya dada yako ni kubwa kama usemavyo, basi mtoto kamzidi mama. Mwanamume ni mfanyabiashara wa ukoo wa Arnolfini, watu wa Lucca, Italia, waliohamia Bruges kwa biashara. Ukitaka kujua pesa zake zilivyokaa, angalia pindo za manyoya kwenye joho lake, na machungwa yaliyoachwa ovyo dirishani katika nchi ya baridi ambako chungwa lilisafirishwa kutoka mbali.

Aliyeieneza habari ya harusi ni mtaalamu mmoja mkubwa, Erwin Panofsky, katika makala ya mwaka 1934. Alisema mchoro huo ni kama cheti cha ndoa, na kila kitu chumbani kina maana iliyofichwa: mshumaa mmoja unaowaka mchana, viatu vilivyovuliwa, matunda, na mbwa. Mbwa akapewa uaminifu. Nami niliifundisha hivyo hivyo miaka yangu ya mwanzo, na wanafunzi waliipenda, maana kila mmoja alijiona mpelelezi.

Kisha nyaraka zikaanza kusema. Zamani ilidhaniwa mwanamume huyo ni Giovanni di Arrigo Arnolfini. Katika miaka ya 1990 ikagunduliwa hati inayoonyesha kwamba Giovanni huyo alioa mwaka 1447, yaani miaka 13 baada ya picha, na miaka sita baada ya Van Eyck mwenyewe kufariki. Siku hizi wengi wanamtaja binamu yake, Giovanni di Nicolao. Huyu naye alikuwa na mke, Costanza Trenta, ila kufikia mwaka 1433 Costanza alikuwa ameshazikwa. Kwa hiyo ama huyu wa gauni la kijani ni mke wa pili ambaye hati zake hazijaonekana, ama, kama wanavyodai baadhi ya wataalamu, mume amechorwa na mke aliyemtangulia. Tazama taa ya mishumaa inayoning'inia juu yao: upande wa mume mshumaa unawaka, upande wa mke yamebaki mabaki ya nta tu.

Hilo la marehemu sikushauri umpelekee shangazi.

Na mbwa? Enzi zile makaburi ya mabibi wa kiungwana yalichongwa sanamu ya marehemu amelala chali, mikono kifuani, na miguuni kijibwa. Karibu miaka 100 baada ya Van Eyck, katika kitabu cha nembo cha Andrea Alciato kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1531, mke mwaminifu anaonyeshwa ameshikana mkono na mumewe, na mbwa yuko miguuni. Kwa hiyo muuzaji hakuzua. Wazo lilikuwepo na watu wa wakati ule walilijua. Tatizo ni kulichukua wazo hilo likawa ufunguo wa kufungulia kila mlango.

Jambo moja lilinibadilisha mimi. Wataalamu wa National Gallery waliipiga picha hiyo kwa miale ya infraredi, inayopenya rangi na kuonyesha mistari ya awali ambayo mchoraji aliichora juu ya ubao kabla ya kupaka chochote. Watu wamo katika mistari hiyo, na unaona mkono ulivyosogezwa, mguu ulivyobadilishwa. Mbwa hayumo. Van Eyck alipopanga picha yake hakumpanga mbwa. Alimwongeza baadaye, kazi imeshafika mbali, akampaka moja kwa moja kwa brashi. Sasa jiulize: kama picha nzima ni cheti cha ndoa na mbwa ndiye muhuri wa uaminifu, ilikuwaje muhuri ukasahauliwa mpaka dakika za mwisho?

Fanya jaribio. Ifungue picha kwenye simu yako, uweke kidole gumba juu ya kijibwa. Unaona inavyokuwa? Chini panabaki ubao mtupu wa sakafu, yale majoho mawili mazito yanaachana, na kila mtu anasimama kivyake. Toa kidole. Taa juu, kioo chini yake, mikono iliyoshikana, kisha mbwa: vitu vinne katika mstari mmoja, kama shanga kwenye uzi. Mbwa ndiye fundo la chini. Mchoraji aliliona shimo, akaliziba, na akaliziba kwa raha zake, maana singa za mnyama huyo zimepakwa moja moja, na macho yana nukta za mwanga. Halafu tazama anatazama wapi. Mume anaangalia pembeni, mke anamwangalia mume, mbwa anakuangalia wewe uliyeingia mlangoni. Na kwenye kile kioo cha ukutani, kinachoonyesha chumba kizima kwa nyuma pamoja na watu wawili waliosimama mlangoni, kijibwa hutakiona.

Kwa hiyo ninapoulizwa mbwa wa kwenye picha ana maana gani, nami huuliza: anafanya nini hapo, ni wa nani, na ametiwa lini?

Maana wachoraji hawakumtafuta mbwa mbali. Alikuwemo. Alikuwa jikoni, sokoni, kanisani, chini ya meza. Na kuwinda kwa mbwa ilikuwa haki ya mabwana wakubwa, kwa hiyo mtawala aliyechorwa na jibwa lake alikuwa anakuambia ardhi ni ya nani. Wahenga wetu walishasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tena si Ulaya peke yake wala si jambo la jana: mfalme Intef wa Pili wa Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, alichongwa kwenye jiwe la kaburi lake pamoja na mbwa wake, na majina yao yakaandikwa kando yao. Huko Mantua, Italia, Andrea Mantegna alipochora ukuta mzima wa familia ya Gonzaga kati ya mwaka 1465 na 1474, alimlaza chini ya kiti cha mtawala mbwa mmoja mzee mwekundu-mwekundu. Huyo hatuhitaji kumtafsiri. Jina lake ni Rubino. Alikufa mwaka 1467 na bwana wake akaagiza azikwe kwa heshima, na jiwe juu.

Wakati mwingine mbwa ni mchezo wa maneno tu. Watawa Wadominiko waliitwa kwa Kilatini jina linaloweza kukatwa vipande viwili likawa "mbwa wa Bwana". Basi katika kanisa lao la Santa Maria Novella, Florence, Andrea da Firenze akachora kwenye miaka ya 1365 hadi 1367 kundi la mbwa wa madoa meusi na meupe, rangi za kanzu za watawa hao, wanawararua mbwa mwitu, ambao ni wazushi. Uaminifu wa ndoa hapo utauweka wapi?

Mwenye kuuvunja kabisa ule ufunguo ni Titian. Mwaka 1538 alimchora mwanamke aliyejilaza uchi kitandani, picha iliyonunuliwa na Guidobaldo della Rovere wa Urbino na ambayo sasa iko Uffizi, Florence. (Hiyo hata mimi singeitundika sebuleni.) Miguuni pake kuna kijibwa kimelala fofofo. Wapo wanaosema: ni uaminifu, kwa hiyo mwanamke ni bibi harusi. Wengine: mbwa kalala, kwa hiyo uaminifu nao umelala. Unaona shida? Alama inayokubali kusema hivi na kinyume chake haijasema kitu. Lakini nenda kwenye picha nyingine ya Titian ya miaka hiyo hiyo, ya mama yake Guidobaldo, bibi Eleonora Gonzaga, mtu mzima wa heshima zake, amevaa nguo mpaka shingoni. Mezani karibu naye kimejikunja kijibwa cha aina ile ile, kimelala vile vile. Mimi nadhani kilikuwa mbwa wa nyumba, au wa karakana ya Titian, na mchoraji alikipenda kwa sababu kilikubali kutulia.

Wachoraji wenzangu mtanielewa. Mbwa aliyelala ni zawadi.

Kuna na mfano wa Carpaccio, ninaoupenda kuliko hiyo yote kwa udogo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 huko Venice alimchora Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika Kaskazini, ameketi katika chumba chake cha vitabu, kalamu imesimama hewani, mwanga unaingia dirishani. Katikati ya sakafu tupu kimekaa kijibwa cheupe cha singa nyingi, kimeuelekea mwanga ule ule, na kivuli chake kimelala sakafuni. Mchoro wa maandalizi wa picha hiyo uko British Museum, na pale palipo mbwa kuna mnyama mwingine kabisa, mwembamba, kama kicheche. Yaani Carpaccio alijua anataka kiumbe mdogo mahali pale. Mnyama gani, aliamua baadaye. Na aliamua vizuri, kwa sababu kila aliyewahi kufuga mbwa anajua vile anavyokaza masikio akisikia kitu ambacho wewe bado hujakisikia.

Sasa nikupe kisa cha mbwa aliyefikishwa mahakamani.

Mwaka 1571 moto uliteketeza picha ya Karamu ya Mwisho iliyokuwa katika chumba cha kulia cha Wadominiko wa Santi Giovanni e Paolo, Venice. Watawa wakamwagiza Paolo Veronese awachoree nyingine. Mwaka 1573 akawaletea turubai la upana wa karibu mita 13 na kimo cha zaidi ya mita tano. Yesu yumo, katikati, hakuna ubishi. Ila amezungukwa na shughuli ya kitajiri ambayo hata ukumbi wa harusi wa Tanga ungeona wivu: watumishi wanapanda na kushuka, mchekeshaji na kasuku wake, mtumishi anayetokwa damu puani, askari wa Kijerumani wenye silaha wanakula ngazini. Na mbele ya meza, mahali ambapo jicho halina budi kupita, amekaa mbwa.

Tarehe 18 Julai mwaka huo Veronese aliitwa mbele ya mahakama ya Kanisa iliyochunguza uzushi. Mahojiano yaliandikwa na bado yapo. Wakamwuliza kama anajua kwa nini ameitwa. Akajibu kwamba anahisi tu: mkuu wa watawa alimwambia waheshimiwa wanataka amwondoe mbwa na mahali pake amweke Maria Magdalena. Akaongeza kwamba angefanya hivyo kwa moyo mkunjufu, kwa heshima yake na ya picha, ila haoni kama Magdalena angekaa vizuri pale.

Soma tena hapo. Mtu yuko mbele ya watu wanaoweza kumharibia maisha, na hoja yake ni kwamba mtakatifu huyo hataipendeza picha mahali alipo mbwa. Hakusema mbwa ana maana ya uaminifu, ingawa ingemsaidia. Walipombana kuhusu Wajerumani na yule wa damu puani, akasema wachoraji hujipa ule ule uhuru wanaojipa washairi na wendawazimu, na kwamba picha ilikuwa kubwa, ina nafasi ya watu wengi. Mahakama ikaamuru airekebishe kwa gharama yake ndani ya miezi mitatu. Alichofanya Veronese ni kubadilisha jina. Aliandika juu ya picha maneno yanayoielekeza Injili ya Luka, sura ya tano, pale Lawi mtoza ushuru alipomwandalia Yesu karamu kubwa nyumbani kwake. Nyumbani kwa mtoza ushuru wageni wa ajabu wanaruhusiwa. Picha iko Accademia, Venice, inaitwa Karamu Nyumbani kwa Lawi, na mbwa yupo pale pale alipokuwa.

Hispania nako mbwa wa maana wapo wawili. Wa kwanza ni lile jibwa la Diego Velázquez katika picha ya mwaka 1656 ya binti mfalme Margarita na wasaidizi wake, iliyoko Prado, Madrid. Limelala mbele ya wote, na mtumishi mmoja wa ikulu mwenye kimo kifupi, Nicolás Pertusato, ameliwekea mguu mgongoni. Lenyewe wala halina habari. Karibu kila mtu katika chumba kile anajua kuna mfalme anatazama, isipokuwa mbwa. Mwaka 1957 Pablo Picasso aliifumua picha hiyo na kuichora upya tena na tena, mfululizo wa turubai 58, na mara nyingi mahali pa jibwa lile akamweka Lump, mbwa mfupi mwenye mwili mrefu aliyekuja nyumbani kwake mwaka ule ule na mpiga picha mmoja, akakataa kuondoka.

Wa pili ni wa Francisco Goya, na huyu nitakaa naye kidogo.

Mwaka 1819 Goya, akiwa na miaka 72 na kiziwi tangu miaka mingi, alinunua nyumba nje ya Madrid. Kati ya mwaka huo na 1823 akazichora kuta zake, juu ya lipu, picha 14 ambazo hakuagizwa na mtu, hakuziuza, wala hakuzipa majina. Mojawapo ni kichwa cha mbwa. Hakuna kingine. Ni ukuta mrefu wa rangi ya manjano-vumbi, chini mteremko wa kahawia, na pale zinapokutana kimechomoza kichwa kidogo cheusi, masikio yamelala, pua imeinuliwa juu. Mwili huuoni. Anazama? Amefukiwa na mchanga? Anachungulia tu kilimani? Picha ina kimo cha sentimita 131, na mbwa amechukua kipande kisichozidi kiganja au viwili; kilichobaki ni utupu.

Sisi tuna methali isemayo mbwa hafi maji akiona ufuko. Nilipomwona mara ya kwanza mbwa wa Goya, hiyo ndiyo iliyonijia, na kilichonikata maini ni kwamba ufuko haupo. Juu hakuna, mbele hakuna. Goya hakumpa.

Lakini hapa pia lazima nikutahadharishe, maana picha tunayoiona si ile aliyoiacha. Mwaka 1874 mwenye nyumba wa wakati huo, tajiri Émile d'Erlanger, alimwajiri Salvador Martínez Cubells azibandue picha zile ukutani na kuzihamishia kwenye turubai. Kazi hiyo inaumiza rangi, na mengine alilazimika kuyaziba kwa mkono wake. Mpiga picha Jean Laurent alikuwa amezipiga zikiwa bado ukutani, na katika picha yake wataalamu wengine wanaona pale hewani, mbele ya mbwa, madoa yanayofanana na ndege. Kama ni kweli, basi mnyama yule hakuwa akitazama utupu. Alikuwa akitazama ndege, kama mbwa yeyote. Mimi sijui nitamani lipi. Ninachojua ni kwamba wachoraji wa karne iliyofuata walimpenda huyu wa utupu.

Mbwa mwenye majonzi, yule wa kumlilia bwana wake, ndiye aliyejaa kwenye kalenda na kadi, na kwa maoni yangu ameletwa zaidi na Waingereza wa karne ya 19. Edwin Landseer mwaka 1837 alichora jeneza la mchungaji mzee wa kondoo ndani ya kibanda, na mbwa ameegemeza kidevu juu yake. Imechorwa kwa ustadi mkubwa na inabana koo makusudi. Muuzaji wa fremu akisema "mbwa ni uaminifu", anaongea Kilandseer bila kujua, na kumbe anamwelezea Van Eyck, aliyemtangulia Landseer kwa miaka 400.

Nirudi kwa shangazi, kwa sababu nisingependa aonekane kwamba yeye ndiye asiyeelewa sanaa. Katika mila yetu ya Kiislamu pia kuna mbwa aliyeingia kwenye picha, na aliingia kwa mlango wa heshima: mbwa wa watu wa pangoni, As-habul Kahf, ambaye Suratul Kahf, aya ya 18, inamtaja amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Masimulizi yakampa jina la Kitmiri. Wachoraji wa Uajemi walimchora. Ukurasa mmoja wa kitabu cha fali cha miaka ya 1550, ulioko Metropolitan Museum, New York, unaonyesha vijana wamelala pangoni na mbwa wao yumo. Katika jumba hilo hilo kuna kazi nyingine ambayo mtu wa pwani ataipenda zaidi. Ni jahazi la Waturuki wa Dola ya Uthmania, la mwaka 1180 Hijria, yaani 1766 au 1767, lililochorwa kwa maandishi matupu. Tumbo lote la chombo limefumwa kwa majina ya wale vijana na jina la mbwa wao. Mbwa yumo chomboni, ila ameandikwa tu. Hilo muulize shangazi anasemaje.

Na kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa magharibi karibu na bahari, mafundi wa Wakongo walimchonga mbwa wa mti mwenye vichwa viwili, aitwaye Kozo, mwili mzima umepigiliwa misumari na vyuma. Kila chuma kilipigiliwa kwa sababu, kiapo au shauri lililoletwa mbele yake. Vichwa viwili ni kwa kuwa mbwa anaishi kijijini lakini porini anaingia na kutoka, kwa hiyo anaona huku kwa walio hai na kule kwa waliokufa. Huyu ni mkali, na uaminifu wa ndoa si kazi yake.

Mwisho kuna mbwa mmoja ambaye huenda alishaingia nyumbani kwenu kabla hamjazaliwa. Francis Barraud, mchoraji wa Uingereza, alirithi kutoka kwa kaka yake kijibwa kilichoitwa Nipper. Kilikufa mwaka 1895. Baadaye Barraud akakichora kimeinamisha kichwa, kinasikiliza mashine ya sauti. Mashine ya kwanza aliyoichora ilikuwa ya mtindo wa zamani, ya mitungi ya nta. Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ilikubali kuinunua picha kwa pauni 100 mradi aifunike kwa rangi na juu yake achore gramafoni yao. Picha hiyo ikawa nembo ya santuri za HMV (His Master's Voice, yaani "Sauti ya Bwana Wake") duniani kote. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni hiyo hiyo, na santuri zikarudi pwani, zikapigwa kwenye baraza za watu wenye dini zao, Nipper akizunguka katikati mara 78 kwa dakika.

Mwombe shangazi mfungue masanduku ya bibi mtazame kama kuna iliyosalia. Akiwepo, utamkuta kwenye lebo, juu ya tundu. Zishikeni kwa kingo, maana zile za zamani huvunjika kama sahani ya udongo.